Dobi Aliyefutwa Kazi Kila Jumamosi

Kati ya Septemba mwaka wa 1956 na Desemba ya mwaka uliofuata, Jepkoech alifutwa kazi mara ishirini na saba. Kila mara ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, kwa barua iliyopigwa taipu na kutiwa sahihi, na kila mara, isipokuwa moja, aliandikwa upya Jumatatu asubuhi kabla maji ya kufulia hayajachemka. Mumewe Kiprugut, aliyepakia magunia ya mahindi kwenye bohari la reli, hakuwahi kuizoea hali hiyo. Jumamosi ya barua alikula chakula cha mchana kama mtu aliyetoka kuzika.

Jepkoech alikuwa dobi katika nyumba ya Bwana na Bibi Tindall, kule Milimani, ambako wazungu wa Nakuru walijenga ili wauone mji bila kuusikia. Alizaliwa Molo, kwenye shamba la mlowezi ambako babake alichunga kondoo. Alikuwa mrefu, mpana wa mabega, mzito, na hakuwa mtu wa haraka. Alipopita na karai la nguo kichwani hata mbwa wa jirani walimpisha. Watoto wake watatu walikuwa kwa nyanya yao Molo. Yeye na Kiprugut waliishi katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya waajiri, karibu na tangi la maji.

Sifa yake ilikuwa moja: shuka zake hazikufuliwa mara mbili. Miaka ile Ziwa Nakuru lilikuwa limenywea hadi likaacha uwanja mpana wa magadi makavu, na upepo wa alasiri ulipoamka ulizoa vumbi lile jeupe ukalimwaga juu ya mji na juu ya kila nguo iliyoanikwa. Madobi wa nyumba nyingine walirudia kazi hadi giza. Jepkoech alianua dakika kumi kabla. Ukimuuliza amejuaje, alisema shingo inapoa upande mmoja, basi, na kama wewe shingo yako haipoi, pole.

Bwana Tindall aliwauzia walowezi mashine za kukamulia ng'ombe, na Jumapili alikwenda Naivasha kushindana kwa mashua. Hazikuwa mashua za kuvukia wala za kuvulia samaki. Zilikuwa vidude vya mbao nyembamba vya watu wawili, vyenye tanga kubwa kuliko akili, vilivyozunguka maboya matatu na kurudi vilikotoka. Mmoja alishika usukani na tanga kubwa. Wa pili alishika kamba ya tanga dogo la mbele, na upepo ulipozidi alijining'iniza nje ya ukingo, mgongo juu ya maji, ili mashua isilale. Kwa miaka sita huyo wa pili alikuwa Bibi Tindall. Alivuta kamba alizoambiwa avute, kisha akafokewa kwa nini amezivuta. Bwana Tindall alikuwa mpole nchi kavu. Majini alikuwa na sauti iliyosikika hadi kwenye kituo cha reli.

Siku moja mwezi wa Agosti alimfokea mbele ya klabu nzima, hata ndege wakaruka kutoka kwenye mafunjo.  Wiki iliyofuata Bibi Tindall alinunua mashua yake mwenyewe, kuukuu, iliyopakwa rangi ya kijani, akamwambia mumewe atafute mtu mwingine wa kumfokea.

Ilibaki kupata mwenzake. Mabibi wa kizungu walicheka wakasema wana wageni. Naftaly, mpishi, alikuwa Mkikuyu, na siku hizo za Hali ya Hatari Mkikuyu hakutoka wilaya moja kwenda nyingine bila kibali. Isitoshe, alikuwa mwembamba kama mwiko. Ndipo Bibi Tindall, akiwa dirishani, akamwona Jepkoech akitembea kwenye upepo mkali na karai la shuka zilizolowa, wima, haendi kushoto wala kulia. Akamwita.

Jepkoech alijifuta mikono akaja akiwa amekwisha kujua kwamba ni ile foronya iliyoungua.

"Jepkoech," alisema Bibi Tindall kwa Kiswahili chake cha jikoni, "wewe naogopa maji?"

"Maji gani, memsabu?"

"Maji mingi."

"Ya kufulia siogopi."

"Mingi zaidi. Kama Naivasha."

Jepkoech alifikiri. "Hayo hatujawahi kukosana," alisema.

Bibi Tindall akaichukua hiyo kuwa ndiyo.

Mazoezi yalianza bustanini, kwa sababu Naivasha ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na Bibi Tindall alikuwa ameagiza kitabu kilichosema mchezo wa tanga hujifunzwa kwanza mwilini. Mashua ya kijani ilipandishwa juu ya mipira mitatu ya matrekta ili iyumbe. Naftaly na mtunza bustani walishika kamba, mmoja kila upande, wakiivuta ilale kana kwamba upepo umeipiga. Bibi Tindall alikaa nyuma na kitabu gotini. Jepkoech alikaa mbele akiwa amevua viatu.

"Tayari," alisema Bibi Tindall.

"Tayari kwa nini, memsabu?"

"Tayari kwa kugeuka."

Mashua ya tanga haiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Huenda mshazari kushoto, ikageuka, ikaenda mshazari kulia, mpaka ifike. Watu wa pwani huita hivyo kubisha. Jepkoech hakulijua neno hilo kwa maana ya majini, ila kubisha kwa maana ya bara alikuweza vizuri sana. Kila mara mashua inapogeuka, ule mti wa chini unaoshika tanga huvuka kwa nguvu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na walio ndani huinama ukapita juu yao. Siku ya kwanza mti ulimpiga Jepkoech kichwani mara nne. Mara ya tano aliudaka kwa mkono mmoja, akaushikilia papo hapo, akauliza kama huu hauwezi kuambiwa usubiri. Naftaly alilazimika kuachia kamba akaenda kusimama nyuma ya mti wa krismasi mpaka kicheko kipungue.

Kesho yake Jepkoech alikuja na kitambaa cha kichwa ndani yake kukiwa na taulo lililokunjwa mara tatu. Baada ya wiki mbili hakuhitaji taulo. Mwili wake mzito ulikuwa umejifunza kuvuka chini ya mti kama mtu anayepita chini ya kamba ya kuanikia, na hilo alilifanya kila siku ya maisha yake; Bibi Tindall, aliyelisoma kitabuni, bado aligongwa.

Zoezi la kujining'iniza lilifanyika kwenye baraza ya jikoni. Fundi alipigilia mkanda wa ngozi chini ya benchi. Mtu aliingiza miguu chini ya mkanda, akaegemea nyuma hewani, akabaki hivyo huku saa ya mezani ikihesabu. Bibi Tindall aliweza dakika moja na nusu, akashuka uso ukiwa mwekundu. Jepkoech aliomba bakuli la njegere. Alimenya njegere za chakula cha jioni akiwa amelala hewani, akizungumza na Naftaly habari za mchungaji mpya, na alipokumbushwa kwamba dakika saba zimepita alisema zimebaki chache, amalize.

Kulikuwa na jaribio la kuleta mashua Ziwa Nakuru, kwa kuwa lilikuwa pale pale chini ya mji. Walitembeza mashua majini hatua mia moja na maji yalikuwa bado kwenye vifundo vya miguu. Hatua mia mbili, yakawa kwenye vifundo vya miguu. Kisha tope la magadi likashika mashua na viatu vya Bibi Tindall vyote viwili, na heroe, wale ndege wa waridi, walisogea kidogo tu kuwapa nafasi, wakaendelea kula. Walirudi nyumbani weupe hadi magotini. Jepkoech alizifua zile nguo mwenyewe, na siku hiyo alirudia mara mbili, akasema haihesabiki.

Shida ya suruali ilikuja kabla ya shida ya maji. Mtu hawezi kujining'iniza kwa gauni. Bibi Tindall alikata suruali kuukuu ya mumewe, akaongeza kitambaa pembeni, na habari ikafika kanisani kabla ya sindano kutoka. Akina mama wa ushirika walimwita Jepkoech mbele ya mzee wa kanisa. Mama mmoja aliyeitwa Chemutai, aliyekuwa na sauti ya kusoma matangazo, alimuuliza kama ni kweli ataonekana mbele za watu ndani ya suruali ya mwanamume.

"Ni kweli," alisema Jepkoech. "Mashua hupinduka. Nikipinduka na gauni, gauni litakwenda juu na mimi nitakwenda chini. Mnieleze hapo suruali ni mbaya kwa nini."

Wote walilitazama jambo hilo mawazoni, kila mtu kivyake. Mzee wa kanisa alikohoa, akasema labda waendelee na habari ya mabati ya paa.

Kupinduka kwenyewe alikujifunza Naivasha, mahali maji yalipofika kifuani. Alikuwa amefanya mazoezi ya kutumbukiza uso kwenye karai nyumbani, akihesabu hadi ishirini, huku Kiprugut akisimama kando na taulo akimsihi atoke. Ziwani walimfunga koti la kuelea, na Bibi Tindall akaipindua mashua makusudi. Jepkoech alizama, akaibuka, akatema maji, akaangalia huku na huku kwa utulivu.

"Iko na kiboko hapa?" aliuliza.

"Iko. Lakini mbali kidogo."

Hapo ndipo walipovumbua jambo ambalo kitabu hakikuwa nalo. Ili kuiinua mashua iliyolala, mtu husimama juu ya ubao wa katikati, ule unaoshuka chini ya mashua, akaivuta kwa uzito wake. Bibi Tindall alihitaji dakika tano. Jepkoech alipanda juu ya ubao kama mtu anayepanda ngazi ya kanisa, na mashua ikainuka yenyewe kwa adabu.

Katibu wa klabu alikuwa mzee wa jeshi aliyeitwa na kila mtu Meja. Alipomwona Jepkoech akishuka kwenye gari ndani ya ile suruali, alikwenda ofisini akatoka na kitabu cha kanuni. Alikisoma chote amesimama. Hakukuta kanuni inayomkataza Mwafrika kupanda mashua ya mashindano, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba itahitajika. Alichokuta ni kanuni ya kumi na moja, iliyosema baharia wa kulipwa haruhusiwi.

"Huyu ni mfanyakazi wako, Marjorie," alimwambia Bibi Tindall. "Unamlipa."

"Namlipa kwa kufua."

"Kulipa ni kulipa."

Bibi Tindall alirudi Nakuru. Jumamosi iliyofuata saa sita mchana alimpa Jepkoech barua, akamweleza kwamba amefutwa kazi hadi Jumatatu, na kwamba kesho atakwenda Naivasha kama rafiki. Nakala ilikwenda kwa Meja. Meja aliisoma mara mbili akitafuta kosa, akaiweka kwenye faili.

Jepkoech aliipeleka barua yake chumbani akamwonyesha mumewe. Kiprugut aliishika kwa ncha za vidole. Alijua kusoma kidogo, na neno alilolitambua lilikuwa lile baya.

"Wamekufuta," alisema.

"Mpaka Jumatatu."

"Na Jumatatu wakisahau?"

"Nguo chafu hazisahauliki," alisema Jepkoech, akaanza kupakia suruali yake.

Jumapili za mwanzo zilikuwa mbaya. Nchi kavu Bibi Tindall alikuwa mtu wa upole na chai. Majini, usukani ukiwa mkononi mwake kwa mara ya kwanza maishani, ikatoka kinywani mwake sauti ambayo hakuijua kuwa anayo. Ilikuwa ya mumewe. Alifoka vuta, akafoka legeza, akafoka nimesema kushoto, na kushoto kwenyewe kulikuwa kulia. Katika shindano la tatu, wakikaribia boya la pili wakiwa wa saba kati ya tisa, alifoka hivi: "Wewe mjinga, mimi nasema vuta."

Jepkoech aliiachia kamba. Tanga dogo likaanza kupigapiga ovyo. Akageuka pale alipokaa, akamtazama mwajiri wake uso kwa uso.

"Leo ni siku gani?" aliuliza.

"Nini? Vuta kamba."

"Leo ni siku gani?"

"Jumapili."

"Barua inasema nini?"

 Mashua ya nane iliwapita, halafu ya tisa.

"Barua inasema mimi si mfanyakazi wako," alisema Jepkoech bila kupandisha sauti. "Inasema mimi ni rafiki. Mimi nina marafiki Nakuru, wengi, na hakuna hata mmoja ananiita mjinga. Jumatatu ukitaka kunifokea kwa sababu ya foronya, hiyo ni kazi, nitasikiliza. Lakini hapa tuko watu wawili katika mtumbwi, na mimi ndiye nimekaa upande wa kuuzuia usipinduke."

 Kisha Bibi Tindall alisema, kwa Kiingereza, kwamba anaomba radhi, na mara moja akasema tena kwa Kiswahili: "Mimi nafanya mbaya. Pole."

"Basi," alisema Jepkoech, akaishika kamba. "Na neno memsabu nalo ni la Jumatatu. Jumapili nitakuita Mama Robini." Bibi Tindall alikuwa na mwana aliyeitwa Robin, aliyekuwa akisoma Uingereza, na Jepkoech hakuona jina lingine la heshima ambalo rafiki angeweza kumwita mwanamke mwenye mtoto.

Walimaliza wa mwisho siku hiyo. Njiani kurudi, Bwana Tindall, aliyekuwa amemaliza wa nne, aliuliza walikuwa wakifanya nini pale katikati ya ziwa. Mkewe alimwambia walikuwa wakisoma barua.

Tangu hapo walikuwa na maneno matatu tu majini: tayari, geuka, sawa. Mengine waliyaacha ufukweni. Na kwa kuwa Bibi Tindall sasa alikuwa kimya, akaanza kusikia. Jepkoech alisema, kwa sauti ile ile ya kuzungumzia njegere, kwamba upepo unakuja kutoka upande wa mlima Longonot, kwamba pale mbele maji yamekunjamana na hapa hayakukunjamana, kwamba mafunjo ya kule yameinama na haya yamesimama. Bibi Tindall alielekeza usukani alikoelekezwa. Mwezi wa Machi walimaliza wa tano. Mwezi wa Juni, wa nne. Mwezi wa Agosti kiboko aliibuka kando ya boya la kwanza, wakakimbia kwa njia ndefu, wakamaliza wa nane, lakini hilo wote walikubaliana kuwa halikuwa jambo la mazoezi.

Shindano kubwa la mwaka lilifanyika Desemba 1957, kabla ya Krismasi. Mashua zilikuwa tisa. Bwana Tindall alikuwa na mtu wa benki kutoka Nakuru, mtu mnene, mstaarabu, ambaye alikuwa ametulia chini ya ile sauti kwa mwaka mzima na kuanza kupata vipele shingoni. Mbele yao wote, kama kawaida, alikuwa Bibi Lorimer wa Gilgil, mwanamke mkavu aliyekuwa ameshinda kombe miaka mitatu mfululizo.

Asubuhi ilikuwa shwari, na bunduki ya kuanzia ilipolia mashua zilitambaa kama nzi kwenye dirisha. Kisha, saa saba, shingo ya Jepkoech ikapoa.

"Mama Robini," alisema, "twende upande wa mafunjo."

"Wote wanaenda katikati."

"Waache."

Bibi Tindall aligeuza. Walikwenda peke yao kuelekea mafunjo, na kwa dakika mbili walionekana wapumbavu kabisa. Dakika ya tatu upepo ukashuka kutoka Longonot, ukaja kwao kwanza. Mashua ya kijani ikainuka ubavu, Jepkoech akaingiza miguu chini ya mkanda akalala hewani, mgongo ukigusa maji, na wakaanza kupita watu. Walimpita daktari wa Naivasha, wakawapita ndugu wawili wa Njoro, na wakielekea boya la mwisho walikuwa wa tatu, nyuma ya Bibi Lorimer na Bwana Tindall.

Bwana Tindall aliangalia nyuma akaona ni nani anayekuja. Sauti ikamtoka yote. Alimfokea mtu wa benki avute, alegeze, akae, asogee, akamwita jina. Mtu wa benki, kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima, aliamua kujibu. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, alisimama ili ajibu. Mtu mnene hasimami katika mashua ya namna ile. Ilipinduka taratibu, tanga likalala juu ya maji kama shuka, na vichwa viwili vikaibuka, kimoja bado kikizungumza.

Bibi Tindall alilegeza kamba. "Baba Robini," alisema.

"Anajua kuogelea?" aliuliza Jepkoech.

"Anajua."

"Na yule mwingine?"

"Anajua. Na mashua ya uokoaji nakuja."

"Basi twende."

Walikwenda. Hawakumfikia Bibi Lorimer; alivuka mstari mbele yao kwa urefu wa mashua mbili. Walikuwa wa pili, na Bibi Tindall aliachia usukani akakaa akitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Jepkoech alimkumbusha kwamba bado wanaelekea gatini na gati haliwezi kusogea.

Chai ya klabu ilinywewa barazani, na baraza haikuwa ya Waafrika, rafiki au si rafiki. Jepkoech alikaa kwenye trela la mashua, chini ya miti, na kikombe alicholetewa na Mama Robini mwenyewe. Ndipo Bibi Lorimer alipomshukia huko, kombe likiwa chini ya kwapa.

"Wewe nafanya kazi kwa nani?" aliuliza.

Jepkoech aliuheshimu ukweli. "Leo sina kazi," alisema. "Nilifutwa jana."

"Vizuri. Mimi nataka dobi. Na mtu ya mashua. Nyumba ya mawe, madirisha mbili. Unakuja?"

Jepkoech alikunywa chai. "Nitakujibu kesho," alisema.

Meja, aliyekuwa karibu akichovya biskuti, alithibitisha kwa yeyote aliyeuliza kwamba kwa mujibu wa faili mwanamke huyo hana mwajiri, na kwamba Bibi Lorimer yuko ndani ya haki yake.

Gari lilirudi Nakuru jioni. Bwana Tindall alikaa mbele ndani ya blanketi. Walipopita Gilgil, mkewe alipeleka macho mbali na barabara ya kwenda kwa Bibi Lorimer. Walipofika Elementaita, Bwana Tindall alianza kucheka. Alicheka mabega yakitikisika, mpaka blanketi likaanguka, na hakuna aliyemuuliza anacheka nini kwa sababu wote walijua.

Jumatatu asubuhi maji ya kufulia yalichemka peke yake. Jepkoech alikuwa amekaa nje ya chumba chake juu ya kigoda, akishona kifungo cha shati la Kiprugut, na Kiprugut alikuwa ndani nyuma ya pazia, amechelewa kazini kwa woga. Bibi Tindall alikuja mwenyewe. Katika miaka saba hakuwahi kufika kwenye mlango ule, na ilimbidi ainame ili apite chini ya kamba ya nguo. Jepkoech alimsogezea kigoda kingine.

"Habari ya asubuhi, memsabu. Leo ni Jumatatu, ndiyo maana."

"Wewe nakwenda kwa Bibi Lorimer?"

"Bado nafikiri."

"Anakwenda," ilisema sauti ya Kiprugut nyuma ya pazia, "hapana, haendi, samahani, memsabu, mimi simo."

Jepkoech aliuma uzi. Alieleza kwamba madirisha mawili ni kitu kizuri, lakini yeye hakai dirishani. Anachotaka ni mahali pa kufulia. Kwa miaka saba ameinamia karai chini, na mgongo wake, huo huo unaolala juu ya maji ya Naivasha Jumapili, Jumatatu unalia. Anataka sinki la saruji la kufika kiunoni, na mfereji wake, na paa juu. Anataka Jumapili mbili kila mwezi za kwenda kanisani, maana Chemutai ameanza kumwombea kwa jina. Na Bwana asifoke kwenye gari.

"Bwana hapana fokea wewe kwa gari," alisema Bibi Tindall.

"Anafoka barabara. Barabara haina kosa."

Fundi alikuja Jumatano. Sinki lilimwagwa kabla ya Krismasi, na Jepkoech alisimama mbele yake siku ya kwanza akiwa wima, asijue mikono aiweke wapi, kwa kuwa ilikuwa imezoea kwenda chini.

Klabu ilikutana Januari. Meja alisoma pendekezo kwamba mtu aliyefutwa kazi ndani ya siku kumi na nne asipande mashua. Bwana Tindall alisimama, na watu wakajiandaa kwa ile sauti, lakini alizungumza polepole. Alisema kwamba wanachama wanne, yeye akiwamo, wanatafuta watu wa kushika tanga la mbele, na marafiki wanaokubali kazi hiyo wamekwisha. Kanuni ya kumi na moja ikafutwa kwa kura saba dhidi ya mbili. Bwana Tindall alimwendea Jepkoech siku hiyo hiyo, kofia mkononi, akamwomba awe anapanda naye wiki ambazo mkewe hapandi. Jepkoech alimshukuru sana, akasema Jumapili zote za wiki hizo ameshampa Mungu.

Waliendelea pamoja, dobi na mwajiri wake, mpaka mwaka wa 1959, Bwana Tindall alipohamishiwa Kitale, ambako hakuna ziwa. Jepkoech na Kiprugut walirudi Molo kwa watoto, wakafuga kondoo wachache.

Kiprugut aliwahi kwenda Naivasha mara moja tu, Februari 1958. Alikaa ufukweni juu ya jiwe akiwa ameligeuzia ziwa mgongo, na kila baada ya muda alimuuliza mlinzi wa mashua, "Wako wapi sasa?" Mlinzi alimwambia wako boya la pili. Akamwambia wako boya la tatu. Akamwambia wanakuja, wa kwanza.

"Ametulia?" aliuliza Kiprugut.

"Amelala hewani."

Kiprugut alitikisa kichwa, akavua kofia, akaendelea kuitazama miti.